Uvira: Wauguzi wawili, kazi moja, malipo tofauti

Mwisho wa mwezi ukifika katika kituo cha afya cha mtaani hapa Uvira, kuna saa ambayo kila mfanyakazi anaijua. Wagonjwa wa asubuhi wamepungua, mlango wa chumba cha mkuu wa kituo umerudishwa nusu, na ndani kuna daftari la mapato, mashine ya kuhesabia na noti zilizofungwa kwa mpira. Hapo ndipo muuguzi anajua kama mwezi huu watoto watabaki shuleni, au deni la dukani litasogezwa tena.

Daftari hilo nimelijua tangu utotoni. Shangazi yangu, ambaye sitataja jina lake wala kituo alichofanyia kazi, aliwauguza watu wa Kimanga kwa zaidi ya miaka ishirini. Alizalisha watoto ambao leo ni wazazi. Lakini kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo serikali haikumlipa hata franka moja, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha ya Kinshasa. Sisi watoto tulipomuuliza analipwa na nani, alikuwa akijibu kwamba analipwa na wagonjwa.

Wakati ule tulidhani anatania. Leo, baada ya kuifuatilia habari hii, nimeelewa kwamba alikuwa akieleza kwa maneno machache jinsi mfumo mzima wa afya wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unavyofanya kazi.

Mifuko mitano ya muuguzi mmoja

Ukimuuliza mwalimu au askari anapata kiasi gani kwa mwezi, atakutajia tarakimu moja. Ukimuuliza muuguzi wa Kongo, ambaye wagonjwa wa hapa kwetu humwita tu muganga, itabidi akae chini akuhesabie. Mapato yake yanatoka katika mifuko mbalimbali, na kila mfuko una mwenyewe, una tarehe yake na una masharti yake.

Mfuko wa kwanza ni mshahara wa serikali. Wa pili ni posho ya hatari ya kazi, ambayo nayo hutoka serikalini lakini kwa orodha nyingine. Wa tatu ni primi ya kituo, yaani fungu la pesa zilizolipwa na wagonjwa. Wa nne ni posho za wafadhili na mashirika. Wa tano ni kazi za pembeni: shamba katika uwanda wa Ruzizi, duka dogo la dawa, zamu katika kliniki ya mtu binafsi, au vipindi vya kufundisha katika shule ya uuguzi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Health Policy and Planning, uliowahoji wafanyakazi wa afya katika majimbo manne ya Kongo, ulikuta hali hiyo hiyo. Mshahara wa serikali ni kipande tu cha mapato, si kila mtu anaupata, na mgawanyo wa pesa za serikali haulingani kati ya mtu na mtu.

Ndiyo maana wauguzi wawili wanaovaa koti jeupe moja, wanaopokezana zamu kwenye kitanda kimoja, wanaweza kurudi nyumbani mwisho wa mwezi na pesa tofauti kabisa. Mmoja ana mifuko minne iliyo hai. Mwingine ana mmoja tu.

Namba inayotoka Kinshasa

Kinachowatenganisha kwanza ni namba ya matrikule. Hiyo ndiyo inayomfanya mtu kuwa mtumishi wa serikali anayetambulika. Bila namba hiyo, hata ukifanya kazi katika hospitali ya serikali, na hata ukiwa na barua ya kupangiwa kazi, mbele ya wizara ya utumishi wa umma hujulikani.

Walio katika hali hiyo wana jina lao la Kifaransa: “nouvelles unités”, yaani watumishi wapya. Wanaitwa wapya hata kama wana miaka kumi na tano kazini.

Kupata namba hakumalizi safari. Kuna aliye na matrikule lakini bado hajaingizwa kwenye orodha ya malipo. Kuna anayepokea posho ya hatari bila mshahara. Kuna aliyepanda cheo kwenye karatasi, lakini pesa zake zimebaki za cheo cha zamani. Kila hatua inahitaji faili lisukumwe, na faili linasukumwa Kinshasa, upande wa pili wa nchi, mji ambao mtu wa Uvira hawezi kuufikia kwa basi. Asiye na ndugu wa kumfuatilia huko anabaki kungoja.

Wakati yeye anangoja, wengine wasiofanya kazi wanalipwa. Mapema mwaka 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha, unaojulikana kwa kifupi kama IGF, ulitangaza matokeo ya uchunguzi wake kuhusu orodha ya mishahara ya serikali katika sekta zote. Watu 145,604 walikutwa wakilipwa kwa namba za matrikule zisizo sahihi au za kughushi. Muuguzi anayesoma tarakimu hiyo baada ya zamu ya usiku haoni takwimu. Anaona nafasi yake iliyokaliwa na mtu asiyekuwepo.

Kuna kizuizi kingine kisichozungumzwa sana. Wauguzi wengi wazee hawastaafu. Wanaogopa kuondoka kazini bila kulipwa kiinua mgongo wala pensheni ya kuaminika, kwa hiyo wanabaki, na vijana hawapati nafasi zao. Na vijana ni wengi. Taasisi za ufundi wa tiba, zile ITM na ISTM, zimeongezeka mno kwa miaka mingi, na kila mwaka zinatoa wahitimu ambao serikali haina bajeti ya kuwaajiri. Mwaka 2001 mjini Abuja, marais wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Kongo haijafika hapo.

Hesabu ya daftari

Kwa asiye na matrikule, tegemeo ni primi ya kituo. Inahesabiwa vipi? Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo si za kituo chochote maalumu. Tumezitunga ili msomaji aone jinsi hesabu inavyokwenda.

Tuseme kituo kimekusanya franka 1,560,000 kwa mwezi kutokana na kadi za wagonjwa, vipimo, uzazi na dawa. Asilimia 40, yaani 624,000, inarudi kununua dawa na vifaa, la sivyo mwezi ujao rafu zitakuwa tupu. Asilimia 20, yaani 312,000, inakwenda kwenye sabuni, mafuta ya jenereta, karatasi na ukarabati. Zinabaki 624,000 za wafanyakazi.

Pesa hizo hazigawanywi sawasawa. Kila mmoja ana pointi kulingana na diploma, cheo, miaka ya kazi na majukumu. Mkuu wa kituo ana pointi 10, naibu wake 8, muuguzi 7, mkunga 7, fundi wa maabara 6, karani wa mapokezi 4, mfagizi 3 na mlinzi 3. Jumla ni pointi 48, na kila pointi ina thamani ya franka 13,000. Muuguzi wetu anapata 91,000. Mkuu wake anapata 130,000. Mlinzi anapata 39,000.

Mwezi unaofuata mvua zinaharibu barabara, watu hawana pesa, na mapato yanashuka kwa nusu. Muuguzi yule yule, kwa zamu zile zile, anapata 45,500.

Kwa kulinganisha, mwezi wa Mei 2025 serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara kinachowahusu waajiri wa sekta binafsi kutoka franka 7,075 hadi 14,500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni 377,000 kwa mwezi. Muuguzi wa mfano wetu, katika mwezi wake mzuri, hafikishi hata robo ya kiwango hicho.

Diploma, cheo na mahali

Diploma ina uzito wake. Muuguzi wa A2 amemaliza masomo ya ngazi ya sekondari katika taasisi ya ufundi wa tiba. A1 amesoma miaka mitatu ya chuo, na A0 ana leseni ya chuo kikuu. Kila ngazi inaongeza pointi kwenye daftari la kituo na cheo kwenye orodha ya serikali. Lakini A0 asiye na matrikule anaweza kupata pesa kidogo kuliko A2 mwenye nayo.

Pengo kati ya daktari na wasaidizi wake lina historia ndefu. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, Mkongo aliyesomea tiba aliweza kufika hadi cheo cha msaidizi wa daktari, na hapo ngazi ikakatika. Nchi ilipopata uhuru Juni 30, 1960, haikuwa na daktari Mkongo. Ilibidi Shirika la Afya Duniani, WHO, liwapeleke wasaidizi hao Ufaransa ili wakamalize masomo ya udaktari. Mpaka leo, katika vituo vingi vya afya, muuguzi ndiye anayepima, anayeandika dawa, anayezalisha na anayeamua nani apelekwe hospitali kuu. Kazi yake imepanda. Malipo hayakupanda pamoja nayo.

Mahali pia ni jambo kubwa. Kongo ina zoni za afya 519, na kila moja imegawanywa katika maeneo yenye kituo chake. Kituo cha mjini, karibu na soko na barabara, kinapata wagonjwa wengi wenye kulipa. Kituo cha milimani juu ya Uvira kinapata wachache, na wengine wanalipa kwa kuku au kwa ahadi. Vituo vya makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, vina taratibu zao. Baadhi ya wafanyakazi wao wako kwenye orodha ya serikali, wengine wanaitegemea dayosisi au jumuiya yao. Katika kliniki za watu binafsi, mwenye kliniki ndiye anayeamua.

Ugonjwa wenye wafadhili

Uvira ni mji wa kipindupindu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa huo haujaondoka kabisa kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, ambako maji ya bomba yakikatika watu wanateremka ziwani na mitoni na madumu yao. Mwaka 2020, mji huu uliona mafuriko makubwa ya mto Mulongwe mwezi wa Aprili, na miezi michache baadaye kampeni ya chanjo ya kipindupindu.

Kwa muuguzi, kipindupindu kina sura mbili. Mgonjwa anatibiwa bure, kama inavyopaswa, kwa hiyo hakuna pesa inayoingia kwenye daftari. Lakini mlipuko ukiwa mkubwa, mashirika yanakuja na posho za muda kwa wanaofanya kazi katika kitengo cha matibabu. Anayechaguliwa anaweza kupata kwa wiki chache kuliko anavyopata kwa miezi kadhaa. Anayebaki kuwahudumia wenye malaria na mama wajawazito hapati nyongeza.

Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, ambayo iliingia hadi Mwenga katika Kivu ya Kusini mwezi Agosti 2019, jambo hilo lilionekana wazi. Malipo ya kikosi cha kupambana na Ebola yalikuwa makubwa kiasi cha kuwavuta wahudumu kutoka vituo vya kawaida. Ugonjwa ulipokwisha, posho nazo zikaisha, na malaria ilikuwa bado ipo.

Mfuko huu wa wafadhili umetikisika zaidi tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Mwaka 2024, Marekani ilikuwa imebeba karibu asilimia 70 ya pesa za msaada wa kibinadamu nchini Kongo.

Franka inayoyeyuka na vita vilivyokaribia

Hata tarakimu ikibaki ile ile, pesa haibaki ile ile. Mwanzoni mwa mwaka 2016 dola moja ilibadilishwa kwa franka 930 hivi. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Franka 91,000 za muuguzi wetu zilikuwa na thamani ya karibu dola 98 wakati ule. Miaka minane baadaye zilikuwa dola 32 na senti. Mwishoni mwa 2025 franka ilijikaza tena mbele ya dola, lakini bei ya ndagala na ya unga sokoni haina haraka ya kushuka kama ilivyokuwa nayo ya kupanda.

Kisha kuna vita. Februari 2025 waasi wa M23 waliichukua Bukavu, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Benki zilifungwa katika maeneo yaliyotekwa, na mtumishi ambaye mshahara wake unapitia benki akawa na pesa kwenye akaunti bila mlango wa kuzitoa. Desemba 2025 vita viliingia Uvira penyewe, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Burundi. Muuguzi aliyekimbia aliacha pointi zake kwenye daftari. Aliyebaki alitibu majeruhi ambao hawakuwa na cha kulipa.

Kabla ya hapo, migomo ndiyo ilikuwa silaha ya wauguzi. Vyama vyao vimesimamisha kazi mara nyingi katika miaka ya karibuni, vikidai matrikule, posho ya hatari na kupandishwa vyeo. Lakini mgomo wa muuguzi anayeishi kwa primi ya kituo una ukatili wake: siku asiyotibu, hakuna anayelipa, naye halipwi.

Ng'ambo ya Ruzizi

Je, kuna njia nyingine? Jibu moja liko karibu sana. Burundi, ambayo taa zake tunaziona usiku kutoka ufukweni, ilitangaza mwaka 2006 matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa kina mama wanaojifungua. Aprili 2010 ikaeneza nchi nzima utaratibu wa kukilipa kituo kulingana na huduma kilizotoa na ubora wake. Mgonjwa halipi, lakini kituo kinalipwa, na sehemu ya pesa hizo inakwenda kwa wafanyakazi.

Kivu ya Kusini nayo iliujaribu utaratibu huo, katika maeneo ya Katana na Idjwi, kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Health Affairs ilikuta huduma bora zaidi, na wagonjwa wakilipa kidogo zaidi, kuliko katika maeneo ya kulinganisha ambayo yalikuwa yakipata msaada mkubwa zaidi wa nje. Udhaifu wake unajulikana pia. Mradi unapofungwa, malipo yanafungwa nao, na muuguzi anarudi kwenye daftari lake la zamani.

Septemba 2023, Kongo ilizindua mjini Kinshasa mpango wa uzazi wa bure. Kwa mama mjamzito ni habari njema isiyo na shaka. Kwa muuguzi swali ni moja: serikali itakirudishia kituo pesa hizo, na itazirudisha lini? Zikichelewa, uzazi wa bure utakuwa umelipwa na mkunga.

Anayelipa mwishoni

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wauguzi na serikali yao. Sivyo. Muuguzi anapoishi kwa pesa za mgonjwa, kila anayelala kitandani anakuwa pia mshahara wa mtu. Ndiyo sababu mgonjwa anaongezewa kipimo asichokihitaji. Ndiyo sababu dawa inauzwa mfukoni badala ya kupita kwenye daftari. Ndiyo sababu katika hospitali nyingi za Kongo mama aliyejifungua salama anazuiliwa siku kadhaa na mtoto wake mpaka familia ilete malipo. Anayemzuia mara nyingi si mtu mbaya. Ni mtu ambaye mwenyewe hajalipwa.

Yapo mambo ambayo hayangoji Kinshasa. Bei za huduma zinaweza kubandikwa ukutani, mahali mgonjwa anapoziona kabla ya kuingia. Kamati ya maendeleo ya eneo la afya, ile CODESA inayochaguliwa na wakazi, ina haki ya kuangalia mapato na matumizi ya kituo. Mkazi wa Kimanga anaweza kuuliza wajumbe wake ni nani na walikutana lini mara ya mwisho. Mgao wa primi unaweza kusomwa mbele ya wafanyakazi wote, pointi kwa pointi, akiwemo mfagizi. Na mgonjwa anaweza kudai risiti kwa kila franka anayotoa.

Yale yanayoingoja Kinshasa ni makubwa zaidi: kusafisha orodha, kuwalipa wazee ili wastaafu kwa heshima, na kuwapa namba wale ambao wamekuwa “wapya” kwa miaka kumi na tano.

Matrikule ya shangazi ilifika mwishowe. Alikuwa ameanza kuvaa miwani, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo anaposhika sindano. Siku alipopokea mshahara wake wa kwanza wa serikali alinunua kitenge kipya, akapika wali na mikeke ya ziwani, akatuita wote. Mjomba alimpongeza kwa kupata kazi, na nyumba nzima ikacheka. Shangazi naye alicheka, kisha akatazama saa. Jioni ile alikuwa na zamu.